Vipande vilivyotoka mbali: namna kituo cha anga kilivyojengwa, mezani na huko juu

Ni sanduku la karatasi ngumu. Ndani mna mifuko ya plastiki yenye vipande vyeupe na vya kijivu ambavyo bado vimeshikana kwenye vijiti vyake, na karatasi ya maelezo yenye namba nyingi. Juu ya kifuniko kuna picha ya chombo chenye mabawa makubwa kinachoelea juu ya dunia. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na sanduku ni la kutengenezea mfano wake mdogo, au maketi kama mafundi wengi wa Goma na Bukavu wanavyouita. Mtu anakata kipande, anakipiga msasa, anakijaribu, anakitia gundi, anasubiri kikauke, kisha anakwenda kwenye namba inayofuata.

Kampuni ya Revell imeuza sanduku la namna hiyo kwa kipimo cha 1 kwa 144. Maana yake ni kwamba kila santimetri 1 ya mfano inasimama mahali pa santimetri 144 za chombo cha kweli. Kituo cha kweli kina urefu wa mita 109 toka ncha hadi ncha, na uzito wa tani zaidi ya 400. Kwa kipimo hicho kinakuwa na santimetri 76, urefu wa meza ndogo ya nyumbani. Mtu mzima anakuwa mdogo kama punje moja ya mahindi.

Na dunia yenyewe je? Kwa kipimo hicho hicho, dunia ingekuwa mpira wenye upana wa kilometa 88. Ziwa Kivu, toka ufuko wa Goma upande wa kaskazini hadi mwisho wake wa kusini, lina urefu wa karibu hivyo. Juu ya mpira huo mkubwa, mfano wa santimetri 76 ungepita kwenye urefu wa kilometa 2 na mita 800 tu. Kituo cha kweli kinapita kilometa 400 hivi juu ya vichwa vya watu, umbali unaozidi kidogo ule wa kutoka Goma hadi Bunia kwa mstari ulionyooka.

Kuna jambo moja ambalo sanduku hilo linafundisha kuliko namba zote. Kituo cha kweli nacho kilitoka kwenye masanduku. Vipande vyake vilitengenezwa katika nchi zilizo mbali, na watu wasiozungumza lugha moja, wengine wao wakiwa raia wa nchi zilizokuwa zimeelekezeana mabomu. Vipande vingi vilikutana kwa mara ya kwanza huko juu, mahali ambapo hakuna fundi wa kuitwa. Historia ya kituo hicho ni historia ya namna watu walivyokubaliana juu ya mahali pa kuunganisha.

Mifano ilitangulia watu

Mifano ya vituo vya anga ilikuwako kabla ya vituo vyenyewe. Mwaka wa 1952, gazeti la Marekani liitwalo Collier's lilichapisha mawazo ya Wernher von Braun, mhandisi Mjerumani aliyekuwa ametengeneza roketi za vita za Ujerumani na baadaye akachukuliwa na Marekani. Alipendekeza kituo chenye umbo la gurudumu, upana wa mita 76, kinachozunguka polepole ili watu walio ndani wajisikie kama wana uzito. Mwaka wa 1955, von Braun alionekana kwenye televisheni katika kipindi cha Walt Disney, akiwa na mifano ya vyombo vyake mkononi, akieleza.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, maduka ya Marekani yalikuwa tayari yanauza masanduku ya plastiki ya vyombo vya anga vya kubuni. Watoto waliunganisha kwa gundi vyombo vya safari ambazo hakuna mtu alikuwa amezifanya. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, aliruka tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka wa 1961 tu. Gurudumu la von Braun halikujengwa kamwe. Kilichojengwa ni vyumba vilivyoungana kimoja baada ya kingine, kama mabehewa, kwa sababu hakuna roketi iliyoweza kubeba nyumba kubwa mara moja. Kwa hiyo swali likawa: mabehewa hayo yatashikanaje?

Mlango uliokataa

Kituo cha kwanza katika historia kilikuwa Salyut 1 cha Muungano wa Sovieti, kilichorushwa tarehe 19 mwezi wa 4 mwaka wa 1971. Siku chache baadaye, wanaanga watatu walikifuata na chombo cha Soyuz 10. Walikifikia, wakakigusa, lakini kifaa cha kuunganisha hakikufunga mpaka mwisho. Kwa muda wa zaidi ya saa tano vyombo viwili vilibaki vimeshikana nusunusu, na watu wakiwa mlangoni mwa nyumba yao bila njia ya kuingia. Mwishowe waliachana na kituo na kurudi duniani.

Kifaa hicho kilifanya kazi kama fishi na prizi ya umeme: upande mmoja una mti unaoingia, upande mwingine una shimo linalopokea. Mafundi huita dume na jike. Wasovieti walirekebisha kifaa, na mwezi wa 6 wanaanga wa Soyuz 11 waliingia ndani ya Salyut 1 na kuishi humo zaidi ya wiki tatu. Lakini wakati wa kurudi, hewa ilitoka ndani ya chombo chao, na wote watatu, Georgi Dobrovolski, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, walikufa kabla ya kugusa ardhi. Watu wa kwanza kuishi katika kituo cha anga hawakurudi wazima.

Fimbo za kuvulia samaki

Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Marekani. Tarehe 14 mwezi wa 5 mwaka wa 1973 walirusha Skylab, kituo kilichotengenezwa ndani ya sehemu ya juu ya roketi kubwa ya mwezini. Dakika moja hivi baada ya kuruka, ngao yake ya nje ilichanika na kupeperuka. Bawa moja la sola liling'oka kabisa, na lingine likabaki limenaswa na kipande cha chuma. Bila ngao hiyo jua lilipiga ukuta moja kwa moja, na joto ndani lilipanda kupita digrii 50. Wanaanga walikuwa bado duniani, wakisubiri.

Hapo mifano iliokoa kazi. Huko Houston, fundi mkuu Jack Kinzler alinunua fimbo za kuvulia samaki, zile zinazorefuka kipande kwa kipande. Alizifunga pamoja, akashona kitambaa juu yake, na kuwaonyesha wakubwa wake kwamba mwavuli unaweza kupitishwa katika tundu dogo la ukutani ukiwa umekunjwa, kisha ukafunguka nje. Kutoka kwa mfano huo, mafundi walitengeneza mwavuli wa kweli kwa siku chache tu. Huko Huntsville, katika jimbo la Alabama, wengine walizamisha mfano wa Skylab wenye ukubwa wa kweli ndani ya birika kubwa la maji. Chini ya maji walijaribu namna ya kukata kile chuma kilichonasa bawa.

Wanaanga Pete Conrad, Joseph Kerwin na Paul Weitz waliondoka tarehe 25 mwezi wa 5. Mwavuli ulifunguka, joto likaanza kushuka. Tarehe 7 mwezi wa 6, Conrad na Kerwin walitoka nje na mkasi mrefu na kulifungua bawa, kwa njia ile iliyojaribiwa ndani ya maji. Skylab ilikaliwa na makundi matatu ya wanaanga, la mwisho kwa siku 84. Kazi hiyo yote ilianza na fimbo chache za dukani na mtu aliyetaka wengine waone kwa macho kile anachokifikiria.

Maadui wawili na mfano mmoja

Katika miaka hiyo hiyo, jambo gumu zaidi lilikuwa linafanyika. Tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka wa 1972, Marekani na Muungano wa Sovieti walitia sahihi mjini Moscow mapatano ya kuunganisha vyombo vyao angani. Kila upande ulikuwa na makombora ya nyuklia yaliyoelekezwa kwa mwingine. Sasa wahandisi wao walitakiwa kutengeneza mlango mmoja.

Ugumu ulionekana mara moja. Wamarekani walipima kwa inchi na futi, Wasovieti kwa mita. Ndani ya chombo cha Apollo watu walipumua oksijeni peke yake, yenye mgandamizo mdogo. Ndani ya Soyuz kulikuwa na hewa ya kawaida. Na lile la fishi na prizi likawa jambo la heshima pia: nani atakuwa dume, nani atakuwa jike? Hakuna upande uliotaka kuwa wa kupokea tu. Pia, kwa usalama, chombo cho chote kilipaswa kuweza kumwokoa mwenzake, na dume wawili hawawezi kuungana.

Jibu lilikuwa kifaa kisicho dume wala jike. Mhandisi wa Kisovieti Vladimir Syromyatnikov na wenzake wa pande zote mbili walibuni pete yenye ndimi tatu pana, kama petali za ua. Kila chombo kinabeba pete ya namna moja. Zikikutana, ndimi za huku zinaingia katikati ya ndimi za kule. Chombo kimoja kinanyoosha pete yake na kingine kinarudisha yake nyuma, na siku nyingine wanaweza kubadilishana kazi.

Kabla ya kutengeneza kifaa kamili, walikubaliana kwanza kujenga mfano mdogo, kwa kipimo cha 2 kwa 5. Kila upande ulitengeneza nusu yake katika nchi yake, kufuatana na michoro iliyokubaliwa. Ndani ya vifaa hivyo kila mmoja alifuata desturi yake: Wamarekani walituliza mgongano kwa mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba, Wasovieti kwa magurudumu ya meno na umeme. Haikuwa lazima kufanana huko ndani. Kilichotakiwa kulingana bila kosa ni uso wa kukutania: upana wa pete, umbo la ndimi, mahali pa kufuli.

Mwezi wa 12 mwaka wa 1972, nusu mbili zilikutana Moscow juu ya meza ya majaribio. Moja ilikuwa imevuka bahari. Walizigonganisha polepole, wakazipindua, wakazigonganisha tena kwa pembe mbalimbali. Ziliingiana na kufunga.

Tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka wa 1975, Apollo na Soyuz ziliungana angani. Thomas Stafford na Alexei Leonov walishikana mikono mlangoni. Wakati wa kazi, Wamarekani walizungumza Kirusi na Wasovieti Kiingereza, kwa sababu mtu akisema lugha ya mwenzake husema polepole, na hueleweka vizuri zaidi. Vita baridi haikwisha siku ile, wala makombora hayakuondolewa. Lakini pete ile ilibaki, pamoja na watu waliojua kuitengeneza.

Mtu aliyerudi akakuta nchi haipo

Mwaka wa 1986 Wasovieti walianza kujenga Mir, kituo cha kwanza kilichopangwa toka mwanzo kama seti ya vipande: chumba cha katikati chenye milango kadhaa, na vyumba vingine vikifuata mmoja mmoja kwa miaka kumi.

Ndani ya Mir aliishi Sergei Krikalev, mhandisi aliyezaliwa Leningrad. Aliruka tarehe 18 mwezi wa 5 mwaka wa 1991 kutoka Baikonur, katika Kazakhstan, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Sovieti. Akiwa juu, Muungano ulivunjika. Safari yake ilirefushwa. Aliposhuka tarehe 25 mwezi wa 3 mwaka wa 1992, baada ya siku zaidi ya 300, nchi iliyomtuma haikuwako tena. Mji alikozaliwa ulikuwa umebadilisha jina, na uwanja alikorukia ulikuwa katika taifa lingine. Wale waliowahi kurudi kwao na kukuta mambo yamebadilika bila wao kuulizwa wanaweza kuelewa siku ile bila kuelezwa sana.

Upande wa Marekani nako mambo hayakuwa mazuri. Rais Ronald Reagan alikuwa ametangaza mwaka wa 1984 kwamba watajenga kituo kikubwa. Miaka ilipita kwa michoro na mifano ya kuonyesha, gharama zikipanda, bila kipande hata kimoja kufika angani. Mwezi wa 6 mwaka wa 1993, wabunge wa Marekani walipiga kura juu ya kuufuta mradi. Uliponea kwa kura moja: 216 dhidi ya 215. Mwaka huo huo Marekani iliialika Urusi. Nchi moja ilikuwa na pesa na michoro, nyingine ilikuwa na ujuzi wa kuishi angani lakini hazina tupu.

Mwezi wa 6 mwaka wa 1995, chombo cha Marekani Atlantis kilijiunga na Mir. Kifaa cha kuunganisha kilikuwa cha ukoo wa ile pete ya Syromyatnikov.

Vilikutana huko juu

Mapatano ya kituo kipya yalitiwa sahihi Washington mwezi wa 1 mwaka wa 1998 na nchi 15: Marekani, Urusi, Kanada, Japani na nchi 11 za Ulaya. Kipande cha kwanza, Zarya, kilitengenezwa Moscow kwa pesa za Marekani na kurushwa kutoka Baikonur tarehe 20 mwezi wa 11. Cha pili, Unity, kilitengenezwa Huntsville na kurushwa kutoka Florida tarehe 4 mwezi wa 12. Viwili hivyo havikuwa vimegusana hata siku moja.

Siku mbili baadaye, mwanaanga Nancy Currie alitumia mkono wa mashine kukamata Zarya na kuileta juu ya Unity. Pete zilikutana na kufunga. Mlango ulipofunguliwa, Mmarekani Robert Cabana, mkuu wa safari, hakutaka kuwe na wa kwanza na wa pili. Aliingia bega kwa bega na mwenzake Mrusi. Huyo Mrusi alikuwa Sergei Krikalev.

Baadaye vilifuata vipande vingine: mkono mkubwa wa mashine kutoka Kanada, maabara ya Kibo kutoka Japani, maabara ya Columbus kutoka Ulaya. Vyumba kadhaa, pamoja na lile dirisha maarufu la vioo saba, vilijengwa mjini Turin, Italia. Ilihitajika zaidi ya safari 40 kuvipeleka vyote. Tangu tarehe 2 mwezi wa 11 mwaka wa 2000, kituo hakijalala bila watu ndani.

Ili vipande viingiane bila kujaribiwa pamoja, wahandisi walivipima kwa picha toka pande zote, kisha wakaviunganisha ndani ya kompyuta kabla ya kuviruhusu kuruka. Vingine viliunganishwa kwa nyaya ardhini, huko Florida, kuona kama vinasikilizana. Na Houston kuna birika la maji lenye urefu wa mita 62 na kina cha mita 12, ambamo vyumba vya mfano vyenye ukubwa wa kweli vimezamishwa. Wanaanga hufanya mazoezi humo kwa saa nyingi kwa ajili ya kazi ya saa chache huko juu.

Anayedhani kupima ni jambo dogo akumbuke mwaka wa 1999. Chombo cha Marekani kilichotumwa sayari ya Mars kilipotea kwa sababu timu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama za mita. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hawakuwa tu wamehakikisha kwamba wanasoma namba moja kwa maana moja.

Mfano ndani ya kitu chenyewe

Mwaka wa 2011 kilitokea kisa ambacho kila mpenzi wa mifano anapaswa kukijua. Mwanaanga Mjapani Satoshi Furukawa, daktari wa upasuaji, alijenga mfano wa kituo cha anga kwa vipande vya Lego, akiwa ndani ya kituo chenyewe. Huko vipande havikai mezani, vinaelea. Ilibidi avijenge ndani ya kasha lililofungwa ili visipotee. Na kwa hofu ya moto, mfano ukiwa umekamilika haukuruhusiwa kukaa wazi katika hewa ya kituo kwa zaidi ya saa mbili.

Mfano huo uliweza kuwako huko tu. Ukisimamishwa duniani ungevunjika kwa uzito wake. Ndivyo kilivyo kituo chenyewe: mabawa yake ya sola, kila moja na urefu wa karibu mita 35, ni membamba kiasi kwamba yasingejibeba ardhini. Anayeunganisha mfano wa plastiki anakutana na shida hiyo hiyo mezani kwake, maana mabawa yanainama na gundi inaachia. Lego ilipouza sanduku lake la kituo mwaka wa 2020, vipande 864, ilitengeneza mfano mdogo zaidi wenye kisimamio cha kuubeba.

Masanduku ya zamani yana somo lingine. Yale yaliyouzwa kabla ujenzi haujaisha yalifuata mipango ya wakati ule, na mipango ilibadilika. Chumba cha kulala cha Wamarekani kilichochorwa kwa miaka mingi kilifutwa kwa kukosa pesa. Mtu mwenye sanduku la zamani anapaswa kuamua: je, ajenge kituo kilichoahidiwa, au kile kilichofika?

Mapatano katikati ya vita

Mwezi wa 2 mwaka wa 2022, Urusi ilipovamia Ukraine, ndani ya kituo walikuwamo Warusi na Wamarekani. Huko chini serikali zao zilikuwa zinawekeana vikwazo. Huko juu hawakuweza kugawana nyumba. Injini za Urusi ndizo hasa husukuma kituo kisishuke, na mabawa ya upande wa Marekani ndiyo hutoa sehemu kubwa ya umeme. Tarehe 30 mwezi wa 3, Mmarekani Mark Vande Hei alirudi duniani ndani ya Soyuz, pamoja na Warusi wawili, na kutua Kazakhstan kama ilivyopangwa.

Si kwamba watu wa angani ni wema kuliko wengine. Kituo hakikuzuia vita hata moja. Lakini kilijengwa kwa namna ambayo kila mmoja ameshika kitu ambacho mwenzake hawezi kuishi bila hicho, na uso wa kukutania ulipimwa vizuri miaka hamsini kabla. Mapatano yaliyodumu yalikuwa yale yaliyoandikwa kwa milimeta, yakajaribiwa mezani na pande zote mbili zikiangalia.

Kituo kimezeeka. Mpango ni kukishusha mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mwaka wa 2024 shirika la anga la Marekani, NASA, liliipa kampuni ya SpaceX kazi ya kutengeneza chombo cha kukisukuma. Kitateketea hewani, na mabaki yataanguka katika sehemu ya bahari ya Pasifiki iliyo mbali na watu. Itakayobaki ni mifano.

Kwa anayetaka kuujenga

Watoto wa Kivu, hata wale wanaoishi kama wahami, wanajua kutengeneza gari kwa waya na chukudu ndogo kwa vipande vya mbao. Kituo cha anga si kigumu zaidi. Kipimo rahisi ni 1 kwa 100: kila mita inakuwa santimetri, hakuna hesabu ya kuumiza kichwa.

Uti wa mgongo ni fimbo ya mwanzi ya santimetri 94. Vyumba ni karatasi ngumu iliyoviringishwa. Zarya ni santimetri 12 na nusu kwa urefu na 4 kwa upana. Unity ni 5 na nusu kwa 4 na nusu. Maabara ya Marekani, Destiny, ni 8 na nusu kwa 4 na kitu. Kibo ya Japani ni 11 kwa 4 na nusu. Mabawa ya sola ni manane, kila moja santimetri 35 kwa 12, manne kila upande. Yaliyo kwenye ncha za uti yanapita ncha hizo kidogo, ndiyo maana kituo chote kinafika santimetri 109.

Vizuri zaidi, watoto wagawane: huyu atengeneze Zarya nyumbani kwao, yule Unity kwao, bila kuonyeshana. Wakubaliane kwanza jambo moja tu, upana wa mdomo ambapo vipande viwili vitakutana, na kila mmoja auandike. Siku ya kukutana wataona kama walipima sawa.

Na jioni mara tu baada ya giza kuingia, au alfajiri kabla ya kucha, mbingu ikiwa safi, kituo chenyewe huonekana siku nyingine juu ya Kivu bila darubini. Ni nuru nyeupe isiyowaka na kuzimika kama taa za ndege, inayovuka mbingu kwa dakika chache kisha, ikiwa ni jioni, kuingia katika kivuli cha dunia. Dakika 90 baadaye kimekwisha kuzunguka dunia nzima.